Viza ya ujuzi ya Kanada bila wakala: maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu Express Entry, mfumo ambao Kanada inautumia tangu Januari 2015 kuwachagua wenye ujuzi wanaotaka ukaazi wa kudumu. Tumejibu kwa kirefu pale swali la mmoja lilipokuwa la wengi. Dola zote zinazotajwa ni za Kanada.

SWALI: Ndugu wahariri, mimi ni muuguzi mwenye digrii, nina miaka 32, sijaolewa, na nimefanya kazi miaka mitano katika hospitali ya kaunti. Katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS General nilipata 7.5 kusikiliza na 6.5 kwa mengine yote. Ofisi moja hapa mjini inataka shilingi 350,000 “kunifungulia faili” na wanasema kupata ni lazima. Je, naweza kujifanyia mwenyewe? Nafasi yangu ikoje? *Muuguzi, Eldoret*

JIBU: Unaweza, dada, na hilo jambo unalodaiwa shilingi 350,000 halina malipo. Kufungua wasifu kwenye tovuti ya serikali, canada.ca, ni bure. Anayekuambia kupata ni lazima anakudanganya. Walio kwenye kapu la waombaji hupangwa na kompyuta kwa alama, na hakuna ofisi ya Eldoret wala ya Toronto yenye mkono humo.

Tupige hesabu yako, maana wengi hutoa pesa kabla ya kuipiga. Kuna milango miwili. Wa kwanza ni alama 67 kati ya 100 za Federal Skilled Worker, mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi. Matokeo yako ya Kiingereza ni ngazi ya 8 katika CLB, kipimo cha lugha cha Kanada, yaani alama 5 kwa kila stadi, jumla 20. Digrii ni 21. Uzoefu wa miaka mitano ni 13. Umri ni 12. Jumla 66. Umekosa alama moja, na kwa alama moja hiyo usingeingia kapuni. Ofisi ile ingeliona hili kwa dakika kumi kama ingekuuliza matokeo yako kabla ya kukutajia bei.

Rudia mtihani ufikie CLB 9: kusikiliza 8.0, kusoma 7.0, kuandika 7.0, kuzungumza 7.0. Kila stadi inakuwa alama 6, jumla yako inapanda hadi 70, na mlango wa kwanza umefunguka. Hakikisha ni General Training tena. Wauguzi wengi wana karatasi ya IELTS Academic waliyoifanya kwa ajili ya bodi za uuguzi za nchi nyingine, na Express Entry haiipokei.

Mlango wa pili ni CRS, alama za kupanga waombaji, ambazo kilele chake ni 1,200. Kwa CLB 8 ungekuwa na: umri 94, digrii 120, Kiingereza 92, digrii ikiunganishwa na lugha 13, uzoefu wa nje ukiunganishwa na lugha 25. Jumla 344. Kwa CLB 9: umri 94, digrii 120, Kiingereza 124, digrii na lugha 25, uzoefu na lugha 50. Jumla 413. Nusu alama ya mtihani katika kila stadi inakupa alama 69, kwa sababu CLB 9 hupandisha lugha yenyewe na pia hufungua alama kamili za mchanganyiko. Hakuna hatua nyingine katika mfumo mzima inayolipa hivyo kwa wiki chache za mazoezi. Kinachowakwamisha wengi ni kuandika: barua na insha kwa saa moja. Fanya mazoezi kwa kupima muda, ukisahihishwa na mtu anayejua vigezo vya mtihani.

Sasa ukweli wenyewe. Alama 413 hazitoshi kwa sasa. Mwaka mzima wa 2025 haikufanyika droo ya jumla hata moja, yaani duru ya kuwaalika wenye alama za juu waombe ukaazi bila kujali kundi lao. Mialiko ilikwenda kwa walioteuliwa na majimbo, wenye uzoefu wa kazi ndani ya Kanada, wazungumzaji wa Kifaransa, na makundi ya kazi kama afya, elimu na ufundi. Wewe uko kwenye kundi la afya, na hilo ni jambo kubwa, lakini droo ya afya ya Agosti 19, 2025 ilikomea alama 470. Unahitaji kupanda. Njia mbili zinafaa kufikiriwa. Ya kwanza ni kuteuliwa na jimbo linalotafuta wauguzi: uteuzi unaoambatana na Express Entry huongeza alama 600, na hapo mambo yamekwisha. Ya pili ni Kifaransa. Ukifikia ngazi ya 7 katika stadi zote nne, unaongeza 12 za lugha ya pili na 50 za ziada, jumla 475, halafu unaingia pia kwenye droo za Kifaransa. Ni kazi ya mwaka au zaidi kwa anayeanza mwanzo, kwa hiyo usikawie: ukitimiza miaka 33 alama za umri hushuka kutoka 94 hadi 88, na mwaka unaofuata hadi 83.

Gharama za serikali kwa mtu mmoja, kwa viwango vilivyoanza Aprili 30, 2024, zilikuwa dola 950 za kushughulikia ombi, 575 za haki ya ukaazi wa kudumu na 85 za alama za vidole, jumla 1,610. Viwango hurekebishwa kila baada ya miaka miwili, basi angalia tovuti siku unayolipa. Ukiongeza mtihani, tathmini ya vyeti, daktari na polisi utapata bajeti yako halisi. Mtihani na tathmini ya vyeti hulipiwa mwanzoni, lakini ada za serikali hazikutoki mfukoni hadi umepata mwaliko.

Na jambo moja la fani yako: ukaazi wa kudumu si leseni ya uuguzi. Leseni hutolewa na bodi ya jimbo, na mchakato wake ni mrefu. Uanze sasa, usiusubiri hadi umefika.

SWALI: Je, wakala wote ni matapeli? Mume wangu anasisitiza tulipe mtu. *Mama wa watoto wawili, Arusha*

JIBU: Hapana, mama. Sheria ya Kanada inaruhusu kulipwa kwa ushauri wa uhamiaji watu wa aina tatu tu: wanasheria wenye leseni ya jimbo la Kanada pamoja na wasaidizi wa sheria wanaotambuliwa na vyama vyao, wanotari wa Quebec, na washauri waliosajiliwa na chuo chao cha kitaaluma, College of Immigration and Citizenship Consultants, kilichoanza kazi Novemba 2021. Chuo hicho kina daftari la wazi mtandaoni. Andika jina la mtu huyo kabla ya kutoa pesa. Anayejiita mshauri asipokuwemo, au leseni yake ikiwa imesimamishwa, usimlipe.

Anayestahili kulipwa hujitambulisha kwa serikali kupitia fomu IMM 5476. Mtu akikuambia “andika kwamba umejaza mwenyewe”, ujue hana leseni na anakufundisha uongo juu ya saini yako. Taarifa ya uongo, hata aliyoiandika mwingine, inahesabiwa yako, na adhabu yake ni kuzuiwa kuomba kwa miaka mitano. Mshauri halali anafaa pale pana ugumu wa kweli: umewahi kunyimwa viza, kesi ya jinai, ugonjwa mzito katika familia, talaka isiyokamilika. Kwa ombi lililonyooka unalipa mtu akuulize majibu ambayo unayo wewe.

SWALI: Ndugu mhariri, nimeomba barua ya uthibitisho wa kazi. Rasilimali watu wamenipa mistari miwili: “Huyu ni mfanyakazi wetu tangu 2018, cheo Mhasibu.” Wanasema ndiyo barua yao kwa kila mtu. Tena kampuni niliyofanya mwanzo ilifungwa. *Mhasibu, Dodoma*

JIBU: Barua hiyo itakuangusha, kaka. Maombi mengi ya watu wenye sifa kamili hufia hapa. Afisa hathibitishi cheo. Anathibitisha kwamba kazi uliyoifanya ndiyo kazi uliyoidai, kwa saa ulizozidai, kwa miaka uliyoidai. Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo, anwani, simu na barua pepe ya kampuni, ikiwa na jina, cheo na saini ya msimamizi wako au afisa wa rasilimali watu. Ndani yake iwepo kila nafasi uliyoshika, tarehe ya kuanza na kumaliza kwa kila nafasi, majukumu ya kila nafasi, saa kwa wiki, na mshahara wa mwaka pamoja na marupurupu. Saa kwa wiki ndizo husahaulika kuliko yote. Bila saa hizo afisa hawezi kujua kama ulifikisha 30 kwa wiki, na mwaka mmoja wa kazi ni saa 1,560.

Majukumu ndiyo yanayobeba namba ya kazi yako katika NOC, orodha rasmi ya kazi ya Kanada. Usichague namba kwa kuangalia cheo. Soma maelezo ya kazi yenyewe. Wewe unaitwa mhasibu, lakini kama siku zako zinaishia kuingiza ankara, kusawazisha benki na kuandaa mishahara, kazi yako iko karibu zaidi na 12200, watunza hesabu, kuliko 11100, wahasibu na wakaguzi. Zote mbili zinakubalika. Tarakimu ya pili ya namba ndiyo huonyesha daraja, na Federal Skilled Worker hupokea 0, 1, 2 na 3. Kwa hiyo hakuna unachopata kwa kujikweza, na kuna cha kupoteza: afisa akiona majukumu ya 12200 chini ya namba ya 11100 anaweza kuukataa uzoefu wote. Mwaka mmoja usiokatika lazima uwe katika kazi moja, ndani ya miaka kumi iliyopita.

Waandalie rasimu ukawaombe waisome na kuisaini. Ni jambo la kawaida, nao hupunguziwa kazi. Ila usiyanakili maneno ya NOC. Maafisa wanaijua orodha hiyo kwa moyo, na barua iliyonakiliwa sentensi kwa sentensi huonekana kama ya kutungwa. Andika unachofanya kweli: ni programu gani, ripoti gani, unaripoti kwa nani.

Wakikataa kabisa, chukua ile barua yao fupi kama ilivyo, ambatisha mkataba, hati za mshahara, taarifa ya michango ya NSSF au PSSSF, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, na barua ya aliyekuwa msimamizi wako iliyoapishwa mbele ya wakili. Kisha andika maelezo ya ukurasa mmoja kueleza uliomba lini, kwa nani, na ulijibiwa nini. Weka na barua pepe zenyewe. Kwa kampuni iliyofungwa fanya vivyo hivyo, na uongeze uthibitisho wa kufungwa kwake. Kwa upande wa Kenya, fomu P9 za kila mwaka za kodi ya mshahara zinasaidia sana kwa kazi hii.

SWALI: Asalaam alaykum. Ni fundi umeme Mzanzibari, niko Muscat mwaka wa sita. Kabla yake nilikuwa Doha miaka miwili. Mke na watoto wawili wako Unguja nao hawatafuatana nami mwanzoni. Kwenye kadi yangu ya ukaazi nimeandikwa kibarua, ingawa kazi yangu ni umeme tupu. Kuhusu fedha, kaka yangu ataniwekea benki nikikaribia kuomba. Nina kiwanja pia. *Fundi, Muscat*

JIBU: Waalaykum salaam, kaka. Barua yako ina mambo manne, na mawili kati yake yangekuletea kunyimwa.

Tuanze na fedha. Unadhani unajihesabia mtu mmoja, lakini Kanada inahesabu familia nzima hata wale wasiosafiri. Wewe ni familia ya watu wanne. Kwa viwango vya Julai 2025 mtu mmoja huonyesha dola 15,263, wawili 19,001, watatu 23,360 na wanne 28,362. Kiwango hubadilika kila mwaka katikati ya mwaka. Pesa iwe yako, iwe huru, isiyo ya mkopo, na iwepo siku ya kuomba na siku ya kupewa viza. Kiwanja hakihesabiki. Akiba ya ushirika iliyofungwa kwa sababu umewadhamini wenzako haiko huru, hata kama jina lako liko juu yake.

Barua ya benki itaje namba ya kila akaunti, tarehe ilipofunguliwa, salio la leo, wastani wa salio kwa miezi sita, na madeni yako. Hapo ndipo mpango wa kaka unapokwama. Dola 20,000 zikitua wiki moja kabla ya kuomba, wastani wa miezi sita utazifichua, na afisa atauliza zimetoka wapi. Kama kweli anakupa, azitume mapema. Aandike barua ya zawadi inayosema hazirudishwi, aisaini, na aambatishe taarifa yake ya benki inayoonyesha alikuwa nazo na zimetoka kwake. Kama ni mkopo wa kimya kimya, usifanye. Hilo ni kosa la taarifa za uongo.

Kadi ya ukaazi inayotaja kazi tofauti ni tatizo tunaloandikiwa na Waswahili wengi walio Ghuba. Usiibadilishe na usiifiche. Omba barua ya mwajiri inayoeleza majukumu ya umeme na kukiri kwamba kadi ilitolewa kwa jina jingine la kazi. Tia mkataba, vyeti vya mafunzo, ripoti za kazi zenye jina lako, na mishahara iliyopita benki. Ueleze mwenyewe kwa aya mbili kabla hujaulizwa. Kama mwajiri hakubali kuandika na huna karatasi nyingine, uzoefu wa Muscat ni dhaifu, na ni afadhali ulijue kabla ya kulipa ada.

Fundi ana milango miwili. Ule wa ufundi, Federal Skilled Trades, unadai Kiingereza kidogo (CLB 5 kusikiliza na kuzungumza, CLB 4 kusoma na kuandika) na miaka miwili ya kazi ndani ya mitano, bila zile alama 67. Lakini unadai pia ajira ya Kanada ya angalau mwaka au cheti cha ufundi cha jimbo, na aliye nje hupata hivyo kwa shida. Wa pili ni ule wa Federal Skilled Worker, ambao umeme (72200) unaingia vizuri, ila unadai CLB 7 katika kila stadi na alama 67. Kwa wengi walio Ghuba huu wa pili ndio wa kweli, na kikwazo chake ni Kiingereza cha kuandika.

Polisi: unahitaji cheti cha kila nchi uliyokaa miezi sita au zaidi mfululizo ndani ya miaka kumi, tangu ulipotimiza miaka 18. Kwako ni Oman, Qatar na Tanzania ikiwa ulikaa huko ndani ya kipindi hicho. Cha nchi unayoishi sasa kisizidi miezi sita siku ya kutuma. Cha nchi uliyokwisha kuiacha kiwe kimetolewa baada ya kuondoka, na hicho hakichakai maadamu hujarudi kuishi huko. Kwa hiyo cha Doha kitafute leo. Cha Oman subiri. Mke wako naye atahitaji vyake, hata kama hasafiri.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Bukavu, Kifaransa ndicho nilichosomea. Kiingereza changu ni cha sokoni. Je, nijisumbue? *Mwalimu, Bukavu*

JIBU: Mwalimu, katika barua zote za mwezi huu wewe ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote. Kifaransa ni lugha rasmi ya Kanada sawa na Kiingereza, na droo za Kifaransa zimekuwa na viwango vya chini: ile ya Machi 21, 2025 ilikomea 379 wakati makundi mengine yalikuwa juu sana ya hapo. Wasomaji wetu wa Bujumbura, Goma, Lubumbashi na Kigali walisome hili mara mbili, kwa sababu mawakala wengi wa kanda hii huwapeleka moja kwa moja kwenye IELTS bila kuwauliza wamesoma kwa lugha gani.

Unafanya TEF Canada au TCF Canada. Mitihani mingine ya Kifaransa, hata DELF na DALF, haipokelewi. Lengo ni ngazi ya 7 katika stadi zote nne. Kwa TCF Canada maana yake ni 458 kusikiliza, 453 kusoma, na 10 kati ya 20 kwa kuandika na kuzungumza. Usidharau kwa kuwa ulisoma kwa Kifaransa. Kusikiliza huchezwa mara moja tu, na wasomi wengi huanguka hapo. Kiingereza si lazima, lakini ukifika CLB 5 zile alama 25 za ziada za Kifaransa huwa 50. Miezi michache ya kukinoa Kiingereza cha sokoni inalipa.

Angalizo: Express Entry ni kwa wanaokusudia kuishi nje ya Quebec. Quebec ina mfumo wake wa kuchagua watu. Ukiandika kwenye wasifu kwamba unaelekea Montréal, umejiondoa mwenyewe. Kuna jamii za wazungumzaji wa Kifaransa Ontario, Manitoba na New Brunswick, nazo zinatafuta walimu.

SWALI: Nina binti wa miaka 11 anayeishi na baba yake Malindi, hatakuja nami. Pia namlea mtoto wa marehemu dada yangu tangu akiwa mchanga, namwita mwanangu. Niwaandike? *Mama, Mombasa*

JIBU: Binti mwandike, mama, hata kama haondoki Malindi kamwe. Mtoto ambaye hakutajwa na hakupimwa afya wakati wa ombi hawezi, kwa kawaida, kudhaminiwa baadaye kama familia. Kila mwaka kuna mzazi anayegundua hilo akiwa tayari Toronto. Kumtaja “asiyesafiri” hakukulazimishi kumchukua. Ila atapimwa na daktari, na atahesabiwa kwenye kiwango cha fedha. Baba akikataa apimwe, mwombe akatae kwa maandishi, uambatishe na juhudi zako za kumshawishi.

Mtoto wa dada yako ni suala zito zaidi. Kwa Kanada, kulea hakumfanyi mtoto kuwa wako. Kuasili kwa amri ya mahakama ndiko. Usimwandike kama uliyemzaa na usitengeneze cheti cha kuzaliwa. Mwone wakili wa watoto sasa kuhusu kuasili. Hapa tunakubali kwamba mtaalamu wa kulipwa ni wa lazima. Mchakato wa Kenya huchukua muda, na usipokamilika kwa wakati, mtoto huyu hasafiri na wewe.

SWALI: Binamu yangu yuko Edmonton, raia kabisa. Ananipa alama ngapi? *Kampala*

JIBU: Hakuna. Katika hesabu ya alama 67 za Federal Skilled Worker kuna alama 5 za undugu, nazo hupewa mwenye mzazi, babu au bibi, mtoto, mjukuu, kaka au dada, mjomba, ami, shangazi au mama mdogo, mpwa. Awe na miaka 18 au zaidi, anaishi Kanada, ni raia au mkaazi wa kudumu. Binamu hayumo. Kwenye CRS hupewa 15 kwa kaka au dada tu. Lakini mama au baba wa huyo binamu, kama ni ndugu wa mzazi wako na anaishi huko, anakupa zile 5.

SWALI: Cheti cha KCSE kina majina matatu, pasipoti mawili, digrii imegeuza mpangilio. *Kisumu*

JIBU: Ingiza kila mahali majina kama yalivyo kwenye pasipoti, na mengine uyataje kwenye sehemu ya majina uliyowahi kutumia. Hati ya kiapo inayosema majina yote ni ya mtu mmoja hutosha kwa tofauti za mpangilio au jina lililoachwa. Jina jipya kabisa linahitaji hati ya kubadilisha jina. Litatue hili kabla ya tathmini ya vyeti. Chuo hutuma nakala za matokeo moja kwa moja kwa mashirika ya kutathmini vyeti kama WES, na majina yakigongana faili hulala. Bahasha ukiifungua wewe haipokelewi. Tathmini hudumu miaka mitano.

SWALI: Nimepata mwaliko! Nina siku 60. Nianze wapi? Jamaa wa saiba amesema atanijazia kwa elfu hamsini. *Mhandisi, Dar es Salaam*

JIBU: Hongera sana. Siku hizo haziongezwi. Wiki ya kwanza weka miadi ya daktari. Tangu Agosti 21, 2025 waombaji wa Express Entry hupimwa kabla ya kutuma, na ni kwa daktari aliyeteuliwa na Kanada tu, anayetafutwa kwenye orodha ya tovuti yao. Daktari wako wa siku zote hafai. Utapewa karatasi ya uthibitisho, ndiyo unayopakia. Wiki hiyohiyo omba cheti cha polisi. Kwa wasomaji wa Kenya ni cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, shilingi 1,050, kisha alama za vidole kwenye fomu C24 iliyochapishwa pande mbili za karatasi moja.

Angalia tarehe ya mtihani wa lugha. Matokeo lazima yawe chini ya miaka miwili siku ya kutuma, si siku ya mwaliko tu. Watu hualikwa matokeo yakiwa na wiki tatu za kuishi, wanangoja cheti cha polisi, na mtihani unakufa mikononi mwao.

Hati za Kiswahili zitafsiriwe Kiingereza au Kifaransa, na tafsiri iende pamoja na nakala ya hati yenyewe. Mtafsiri asiye na muhuri wa chama kinachotambulika aape mbele ya wakili. Wewe, mkeo au ndugu yako hamruhusiwi kutafsiri, hata kama mnaijua lugha vizuri.

Ombi lisilokamilika halikataliwi, hurudishwa na ada yake, lakini mwaliko unakuwa umekwisha na unaanza upya kapuni. Kinachorudisha maombi mengi ni kitu kidogo: cheti cha polisi cha nchi moja kimekosekana, barua ya benki haina wastani wa miezi sita, historia ya miaka kumi ina mwezi usioelezwa. Jaza kila mwezi. Kama ulikuwa huna kazi, andika huna kazi. Kama kuna hati isiyopatikana kwa wakati, pakia uthibitisho kwamba umeiomba pamoja na barua ya maelezo mahali pake. Usiache nafasi tupu.

Kuhusu jamaa wa saiba: kukuchanganulia hati na kukupunguzia ukubwa wa faili ni kazi yake halali, mlipe. Akianza kukuchagulia namba ya NOC au kukuambia ujibu nini kwa malipo, amekuwa mshauri asiye na leseni. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako na simu yako. Maombi yaliyofunguliwa kwa barua pepe ya saiba yamewahi kupoteza ujumbe wa alama za vidole, ambao hukupa siku 30 tu kwenda kwenye kituo cha maombi ya viza. Ukimaliza kutuma, pakua nakala ya kila fomu na risiti ya malipo siku hiyohiyo, utoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini, na uwe unaikagua mara moja kila wiki, pamoja na sanduku la barua taka.